Je, wajua kwa nini bima kubwa huweza kulipa theluthi mbili tu za bampa lililovunjika?

Mteja wa Dar es Salaam anayeomba bei ya bima kubwa ya gari, ile inayolipia pia ajali ya gari lake mwenyewe, kwa mawakala watatu huweza kupewa ada tatu zinazopishana kwa laki kadhaa, ingawa gari ni lile lile na dereva ni yule yule. Maelezo yanayokubalika haraka ni kwamba kampuni moja ina tamaa na nyingine ina huruma. Karatasi zao za bei zikiwekwa mezani pamoja, hata hivyo, mara nyingi huonekana kwamba viwango vya asilimia vya kukokotolea ada vinalingana au vinakaribiana sana, na kinachotofautiana ni tarakimu iliyo mistari michache juu ya jumla, yaani thamani ya gari. Wakala mmoja ameandika shilingi milioni 24, wa pili milioni 20, wa tatu milioni 16. Huyo wa tatu ndiye anayeonekana rahisi, na ndiye ambaye karatasi yake inastahili kusomwa mara mbili.

Aina za bima zenyewe hazihitaji maelezo marefu. Iliyo ya lazima ni bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi huiita bima ndogo. Uingereza iliifanya ya lazima mwaka 1930, na nchi ilizozitawala Afrika Mashariki zikafuata mfano huo. Tanzania hadi leo ina Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169, na Kenya ina Sura 405. Bima hii hulipa madhara ambayo gari lako limewafanyia wengine, wala haigusi gari lako mwenyewe hata likibaki chuma chakavu. Kwa gari binafsi Tanzania, ada yake imezoeleka kuwa shilingi 118,000 kwa mwaka, yaani laki moja pamoja na VAT ya asilimia 18. Kenya sheria imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 za huko kwa madai ya mtu mmoja aliyeumia au kufariki, jambo ambalo wenye magari wengi hulifahamu baada ya mahakama kuamuru kiasi kikubwa zaidi na wao kutakiwa kuijazia tofauti. Juu ya bima ndogo kuna ya kati, inayoongeza moto na wizi. Juu yake kuna bima kubwa, inayoongeza ajali ya gari lako mwenyewe. Ada ya bima kubwa hukokotolewa kwa asilimia ya thamani, na kwa gari binafsi la kutembelea Tanzania kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5 kabla ya VAT.

Hapo ndipo dhana potofu inapozaliwa, na ni dhana yenye mantiki kiasi kwamba mtu hawezi kulaumiwa kwa kuiamini. Mwenye gari hufikiri hivi: thamani niliyoiandika ni dari ya malipo. Gari langu lina thamani ya milioni 24, lakini nikiandika milioni 16 nitalipa ada ndogo, na hasara yangu itakuwa kwamba likiungua lote au likiibwa nitapata milioni 16 badala ya 24. Hilo ni jambo la nadra. Ajali za kawaida ni za taa, kioo cha pembeni, bampa na madigadi, ambazo gharama yake haifiki hata milioni 5, kwa hiyo dari ya milioni 16 iko juu mno kunigusa. Nimeokoa fedha bila kupoteza kitu cha maana.

Kila sentensi katika hoja hiyo inaonekana sahihi, na hitimisho lake karibu limegeuka juu chini. Kwa mkataba wenye kipengele cha uwiano, mwenye gari huyo ataumia hasa katika zile ajali ndogo alizodhani ziko salama.

Kipengele hicho kinasema kwamba, ikiwa siku ya ajali gari lilikuwa na thamani kubwa kuliko ile iliyokatiwa bima, mwenye gari atahesabiwa kuwa yeye mwenyewe ndiye kampuni ya bima kwa ile sehemu iliyobaki, na atabeba fungu lake la kila hasara. Wazo hili lilitoka baharini kabla ya kufika barabarani. Sheria ya Uingereza ya bima ya vyombo vya majini ya mwaka 1906, katika kifungu chake cha 81, inasema jambo hilo hilo juu ya mwenye mali aliyekata bima pungufu ya thamani.

Fikiria watu wawili walionunua ng'ombe wa maziwa kwa ubia, mmoja akiwa ametoa theluthi mbili za bei na mwenzake theluthi moja. Ng'ombe akiugua, bili ya daktari wa mifugo hugawanywa kwa mafungu hayo hayo. Aliyetoa theluthi moja hawezi kusema kwamba ugonjwa umeshika miguu ya mbele, na kwamba miguu ya mbele ni ya mwenzake, kwa sababu hakuna mguu wala pembe iliyo ya mmoja wao peke yake. Kila unywele wa ng'ombe huyo ni wa wote wawili, kwa uwiano wa mbili kwa moja. Wala hawezi kudai kwamba mwenzake alipe kwanza bili zote ndogo hadi fungu lake liishe, ndipo yeye aanze kuchangia, kwa kuwa ubia haukuandikwa hivyo. Gari lililokatiwa bima ya milioni 16 ilhali lina thamani ya milioni 24 ni ng'ombe wa ubia. Kampuni imepokea ada ya theluthi mbili za kila kipande cha gari, na theluthi moja ya kila kipande imebaki kwa mwenye gari, bampa likiwemo.

Tuyapitie mahesabu yenyewe. Kwa thamani ya milioni 16, ada ya asilimia 3.5 ni shilingi 560,000, na pamoja na VAT inakuwa 660,800. Kwa thamani ya milioni 24, ada ni 840,000, na pamoja na VAT ni 991,200. Aliyeandika ndogo ameokoa 330,400. Sasa anagongana na lori la mchanga kwenye mzunguko, na gereji inatoa makadirio ya milioni 3 kwa boneti, taa moja, bampa, rangi na kazi ya fundi. Kampuni inamtuma mkadiria hasara, ambaye pamoja na kupiga picha za taa iliyovunjika ataandika kwenye ripoti yake thamani ya gari sokoni siku ile. Akiandika milioni 24, kampuni hugawa 16 kwa 24 na kupata theluthi mbili, kisha hulipa milioni 2 kati ya zile 3. Tuchukulie kwamba ekses, yaani sehemu ya kila hasara ambayo mteja amekubali kuibeba mwenyewe, ni laki 3. Mkononi zitamfikia milioni 1.7. Angeandika thamani kamili angepata milioni 2.7. Ameokoa laki tatu na ushei, akapoteza milioni moja, na gari halijaungua wala kuibwa.

Jambo la kushangaza katika kanuni hii, na ndilo linaloifanya dhana potofu idumu, ni kwamba gari likiteketea lote kanuni haionekani kabisa. Hasara ya milioni 24 ikizidishwa kwa theluthi mbili ni milioni 16, sawasawa na ile dari ambayo mwenye gari alikuwa ameitegemea. Katika hasara kubwa kuliko zote hoja yake inatoka sahihi hadi shilingi ya mwisho. Ni katika kioo cha pembeni ndiko inakovunjika. Kanuni inayotikisa hasara ndogo na kuiacha ile kubwa kama ilivyo ni kitu adimu kidogo katika mikataba, na wakala akiieleza vibaya mteja huondoka akiamini kwamba ametapeliwa.

Kwa upande wa kampuni, sababu yake si ngumu kuiona. Bampa la gari lina bei ile ile dukani, iwe mwenye gari aliandika milioni 16 au milioni 24, na madai mengi yanayoletwa ni ya ukubwa wa bampa. Kama kila mteja angeruhusiwa kupunguza thamani kwa theluthi na bado kulipwa bampa zima, mfuko ungepungukiwa theluthi ya ada huku malipo yakibaki karibu pale pale, na wale walioandika thamani ya kweli wangekuwa wanawalipia wenzao.

Ikumbukwe kwamba si kila mkataba una kipengele hiki kwa ukali ule ule. Baadhi husamehe tofauti ndogo, na mingine huandikwa kwa thamani iliyokubaliwa tangu mwanzo na pande zote mbili, ambayo haifunguliwi tena baada ya ajali. Karatasi ya bei, ile ya ukurasa mmoja inayotumwa kwa simu, kwa kawaida haisemi lolote juu ya hilo. Limeandikwa ndani ya kijitabu cha mkataba, katika sehemu ya masharti, na mteja ana haki ya kukiomba kabla ya kulipa.

Wala si kweli kwamba wanaoandika thamani pungufu wote ni wajanja. Wengi hunakili tu ankara ya kuagizia gari Japani. Ankara hiyo huonyesha bei ya gari, na pengine nauli ya meli, lakini haina ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT iliyolipwa bandarini, wala gharama za wakala wa forodha, ilhali kulipata gari kama hilo Dar es Salaam kunahitaji fedha zote hizo. Njia ya pili ni kurudia tarakimu ya mwaka uliopita, au kuipunguza kidogo kwa kuwa gari limezeeka. Gari huzeeka kweli, lakini shilingi nayo hubadilika. Kenya dola moja iliuzwa kwa takriban shilingi 100 mwaka 2018, ikapita 160 Januari 2024, kisha ikashuka hadi kuzunguka 130 mwaka huo huo. Kwa mabadiliko ya namna hiyo, gari la kuagizwa linaweza kuongeza miaka na bei kwa pamoja, na aliyeipunguza thamani kwa mazoea akajikuta ana bima pungufu bila kukusudia.

Kosa la upande wa pili ni dogo, ila nalo hula fedha. Anayeandika milioni 30 kwa gari la milioni 24 hulipa ada ya 1,239,000 pamoja na VAT, na gari likiungua bado atalipwa thamani yake ya sokoni, kwa kuwa bima hurudisha mtu pale alipokuwa na haikusudiwi kumpa faida kutokana na moto. Zile 247,800 za ziada hazikununua kitu chochote.

Baada ya thamani kusawazishwa katika karatasi zote, ndipo tofauti nyingine zinapofaa kulinganishwa, na ya kwanza ni ekses. Kampuni yenye ada ndogo huweza kuwa na ekses kubwa, au ekses ya ziada kwa dereva kijana na mwenye leseni mpya, au kwa gari lililoibwa likiwa halina kifaa cha kulifuatilia. Hufuata matumizi, kwani gari lililoandikwa kuwa la binafsi halafu likapakia abiria kwa programu ya simu usiku linaipa kampuni sababu ya kukataa madai yote, jambo zito kuliko uwiano. Vioo na redio mara nyingi vina vikomo vyake, hali kadhalika gharama ya kulivuta gari. Kenya kuna ugumu wa ziada, kwa sababu ulinzi wa ekses, yaani kinga inayomwondolea mteja mzigo wa ekses, na kinga ya vurugu za kisiasa na ugaidi huuzwa kama nyongeza, na baadhi ya karatasi huonyesha bei kabla ya tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, mfuko wa fidia wa asilimia 0.25 na ushuru wa stempu wa shilingi 40, ilhali nyingine huonyesha baada yake. Na kama bei moja iko chini mno hata baada ya kusawazishwa kila kitu, Tanzania uhalali wa stika huweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa namba ya gari, kazi ya dakika moja.

Thamani iliyokwisha kuandikwa hurekebishika katikati ya mwaka. Mteja huomba mabadiliko, kampuni hutoa hati ya nyongeza inayokuwa sehemu ya mkataba, na ada hutozwa kwa miezi iliyosalia. Kulipandisha gari letu la mfano kutoka milioni 16 hadi milioni 24, ikiwa imebaki nusu ya mwaka, kungegharimu takriban 165,200 pamoja na VAT. Hati hiyo huhesabika kuanzia tarehe iliyoandikwa juu yake, na mkadiria hasara huitazama tarehe hiyo kabla hajaliinamia bampa.