Marekani haikurithi serikali yake kutoka Athens

Nimelikuta tena, safari hii kwenye kazi ya mwanafunzi ninayemthamini sana: eti waasisi wa Marekani walichukua demokrasia ya Athens. Nafundisha historia ya katiba, na dai hili linanikera kwa sababu waasisi wenyewe walilikataa kwa maandishi. Makala ya 55 ya Federalist, mfululizo ulioandikwa kuitetea Katiba mpya, ya mwaka 1788, inasema kwamba hata kama kila raia wa Athens angekuwa Socrates, baraza lao bado lingekuwa kundi la ghasia. Roma waliipenda zaidi, ndiyo maana kuna Seneti na Capitol, jengo la Kongresi. Hayo tuyapite.

Mzizi ninaotaka uutazame uko London. Mwaka 1685 Titus Oates, ambaye kwa kiapo chake cha uongo Wakatoliki wasio na hatia waliuawa, alihukumiwa kuchapwa mijeledi, kufungwa maisha na kusimamishwa hadharani kwenye mkatale kila mwaka. Enzi hizo hizo za Mfalme James II, majaji walipanga dhamana kubwa ili mshtakiwa asitoke. James alipokimbia, Bunge likaandika katika Sheria ya Haki ya 1689: dhamana isipite kiasi, faini isipite kiasi, adhabu za kikatili na zisizo za kawaida zisitolewe. Sasa fungua Marekebisho ya Nane ya Katiba ya Marekani, 1791. Ni maneno yale yale karibu yote, yaliyopitia Azimio la Haki la Virginia la 1776.

Basi walinakili? Maneno, ndiyo. Lakini swali la kisheria ni nani anafungwa na maneno hayo, na hapa ndipo vitabu vingi vya shule vinapokimbia. London aliyefungwa ni mfalme na mahakama zake. Bunge lilibaki huru kuyabadili kwa sheria ya kawaida. Makoloni ya Amerika yaliuonja uhuru huo mwaka 1765, Bunge lilipotoza ushuru wa stempu kwenye magazeti, hati za mahakama, hata karata. Ushuru ulifutwa 1766, na siku hiyo hiyo Bunge likatunga sheria nyingine ikisema lina mamlaka juu ya makoloni katika mambo yote. Ndiyo maana Wamarekani waliiweka kinga hiyo mahali ambapo Kongresi peke yake haiwezi kuigusa: marekebisho yanataka thuluthi mbili za kila baraza la Kongresi, kisha robo tatu ya majimbo.

Kuhusu mgawanyo wa madaraka, yaani kutenga kutunga sheria, kutawala na kuhukumu, sina uhakika wa namna hiyo. Vitabu humtaja mwanafalsafa Mfaransa Montesquieu bila kusita. Mimi nasita, kwa kuwa Uingereza aliyoisifu mwaka 1748 ilikuwa na mawaziri waliokaa ndani ya Bunge, na Virginia ilikuwa na baraza lake la kutunga sheria tangu 1619. Nani alimfundisha nani, kitabu au mazoea ya miaka zaidi ya mia? Naegemea mazoea, ingawa ushahidi unavuta pande zote mbili.

Na usidhani kinga ile ilimfikia kila mtu. Mwanzoni iliibana serikali kuu tu, huku sheria za majimbo zikiruhusu watumwa kuchapwa mijeledi. Kipengele cha faini kilithibitishwa kuyabana majimbo mwaka 2019, katika kesi ya gari lililokamatwa na jimbo la Indiana.