Einstein hakutengeneza bomu la atomu, na sisi wa Katanga ndio tungepaswa kulijua hilo kwanza

Orodha za watu waliobadilisha karne ya 20 hazikosekani kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa Lubumbashi, na Albert Einstein huwekwa kileleni kwa sababu ileile kila mara: eti ndiye aliyetengeneza bomu la atomu. Wengine huongeza kwamba alilitengeneza kwa urani yetu ya Shinkolobwe, mgodi wa hapa Katanga. Wanafunzi wanaliandika kwenye mitihani, wahubiri wanalitaja madhabahuni, na walimu wa fizikia wanalipitisha. Nimechoka kulisahihisha kwa sentensi mbili mbili. Leo naliandika lote.

Einstein hakuwa mfanyakazi wa mradi wa bomu. Julai 1940 jeshi la Marekani lilikataa kumpa kibali cha usalama kwa ajili ya misimamo yake ya kisiasa. Mwishoni mwa 1941 aliombwa hesabu moja ya kutenganisha isotopu (atomu za elementi moja zenye uzito tofauti) kwa njia ya gesi, bila kuambiwa mpango mzima. Akaifanya, na mchango wake wa kiufundi ukaishia hapo.

Watu hujibu: lakini E=mc² ni yake! Ni yake, ya 1905. Nayo ni kanuni ya kukokotoa: masi ikipungua kiasi fulani, nishati iliyotoka ni kiasi fulani. Haikuambii uipunguzeje. Makala (makaa) yakiwaka kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, majivu na gesi zote zilizotoka, ukizijumlisha, zina masi pungufu kidogo kuliko makala na oksijeni vya mwanzo. Upungufu huo ni mdogo mno hata hauonekani kwenye mizani, ila kanuni ni hiyohiyo. Hakuna anayesema Einstein ndiye aliyewasha moto.

Njia ya bomu ilifunguliwa na nyutroni, chembe iliyomo ndani ya kiini cha atomu. James Chadwick aliitambua 1932. Kwa kuwa haina chaji, inaingia kwenye kiini cha atomu bila kusukumwa nje. Mwaka uliofuata, London, mwanafizikia Leo Szilard akawaza hivi: ikipatikana elementi ambayo kiini chake kikipigwa na nyutroni moja kinatoa mbili, mmenyuko utajiendeleza wenyewe. Akaomba hataza (haki ya uvumbuzi) 1934, bila kujua elementi hiyo ni ipi.

Desemba 1938, Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga urani kwa nyutroni wakakuta bariamu, elementi yenye karibu nusu tu ya uzito wa urani. Hahn hakuweza kulielezea kifizikia. Alimwandikia Lise Meitner, mwenzake wa miaka mingi, ambaye Julai mwaka huohuo alikuwa ameikimbia Ujerumani kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Wakati wa Krismasi, Meitner na mpwa wake Otto Frisch walikuwa Kungälv, Sweden. Walikaa juu ya gogo kwenye theluji, wakatoa vipande vya karatasi na kuanza kukokotoa.

Hapo ndipo penye jambo linaloniudhi kuliko yote, maana vitabu vyetu vinalipita kwa mstari mmoja. Walifanya hesabu mbili tofauti. Ya kwanza: kiini kikipasuka vipande viwili, vipande vyote viwili vina chaji chanya na vimekaribiana sana, kwa hiyo vinasukumana kwa nguvu ya umeme. Msukumo huo unatoa takriban elektronivolti (kipimo kidogo cha nishati) milioni 200. Ya pili: Meitner alikumbuka namna ya kukadiria masi za viini, akaona vipande viwili vinapungukiwa na karibu sehemu moja ya tano ya masi ya protoni. Weka upungufu huo kwenye E=mc²: elektronivolti milioni 200. Hesabu mbili zikakutana. Kwa hiyo nishati ya bomu, sehemu yake kubwa, ni msukumo wa umeme kati ya vipande vya kiini, na kanuni ya Einstein ilikuwa njia ya kuhakiki. Nobel ya kemia ya 1944 alipewa Hahn peke yake. Kwangu mimi, orodha yoyote ya karne ya 20 isiyo na Meitner haijakamilika.

Sasa vipimo. Kiini cha urani 235, isotopu nyepesi ya urani, kikipasuka hutoa nyutroni mbili au tatu, nazo zinaweza kupasua viini vingine. Ukizidisha maradufu kama mara 80, umeshapasua viini vya kilo nzima, na yote hayo yanakwisha ndani ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Tatizo ni kwamba urani ya ardhini ina asilimia 0.7 tu ya 235. Karibu yote iliyobaki ni 238, ambayo hunyonya nyutroni nyingi bila kupasuka. Machi 1940, Birmingham, Frisch na Rudolf Peierls walikokotoa kwamba 235 ikitenganishwa, bomu lingehitaji kilo chache tu, si matani kama wengi walivyodhani. Kadirio lao la karibu kilo moja lilikuwa dogo mno. Bomu la Hiroshima lilibeba takriban kilo 64 za urani iliyorutubishwa (iliyoongezewa sehemu ya 235), likapasua pungufu ya kilo moja, na masi iliyogeuka nishati haikufika gramu moja.

Kwa kuwa 235 ya ardhini ni kidogo hivyo, jiwe la Shinkolobwe haliwezi kulipuka, hata likiwa zito kiasi gani, hata likitupwa motoni. Hatari yake iko kwenye vumbi linalovutwa na gesi ya radoni inayojaa ndani ya shimo lisilopitisha hewa. Anayechimba kobalti pale kwa siri aogope mapafu yake, na aogope shimo lenyewe: 2004 liliporomoka likaua watu.

Barua ya tarehe 2 Agosti 1939 kwa Rais Roosevelt nayo inahitaji kusomwa vizuri. Szilard ndiye aliyeiandaa. Einstein aliitia saini kwa sababu jina lake lingefungua mlango. Barua inaitaja Kongo ya Wabelgiji kuwa chanzo muhimu kuliko vyote cha urani. Ikazaa nini? Kamati, na dola 6,000 za kununulia vifaa vya majaribio. Kilichoisukuma Marekani kwa kweli ni ripoti ya Waingereza ya 1941, iliyotokana na hesabu ya Frisch na Peierls. Ilipofika Washington ikafungiwa kwenye sefu, hadi mwanafizikia Mark Oliphant alipovuka bahari kutoka Uingereza Agosti mwaka huo kuuliza kwa nini hakuna jibu. Nani wa kuwekwa juu ya orodha basi, aliyetia saini au aliyekwenda kugonga mlango? Mimi naelekea kwa Oliphant, ingawa bila barua huenda pasingekuwa na kamati ya kugongewa.

Tuje nyumbani. Shinkolobwe, karibu na Likasi, iligunduliwa 1915, na Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, wakaichimba tangu 1921 wakitafuta radiamu. Gramu moja ya radiamu huambatana na takriban tani tatu za urani, kwa hiyo urani ilikuwa baki la kurundikwa. Mgodi ulifungwa kabla ya vita na maji yakaujaza. Mei 1939 mwanasayansi Mwingereza Henry Tizard alimwonya Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni, kwamba mawe yake yanaweza kuleta maafa yakiangukia mikono ya adui. Mwaka 1940 Sengier aliamuru tani zipatazo 1,200 zisafirishwe kupitia bandari ya Lobito, Angola, zikahifadhiwa kwenye ghala la Staten Island, New York. Mapema 1942 maofisa wa Marekani walimfuata kwa habari ya kobalti. Yeye akawatajia urani, hawakumwelewa. Tarehe 18 Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa mradi wa bomu aliingia ofisini kwake, na mzigo wote ukauzwa siku hiyo.

Ubora wa mzigo huo ndio wenye uzito. Mawe yale yalifikia asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati baada ya vita Wamarekani walihesabu asilimia 0.3 kuwa mgodi mzuri. Hata hivyo siwezi kumpa Sengier sifa yote anayopewa. Kongo ilikuwa upande wa Washirika na mawe mengine yalikuwa bado yamerundikwa juu ya ardhi. Marekani ingeyafikia tu, kwa kuchelewa. Aliokoa miezi, na katika vita miezi ni kitu kikubwa. Marekani ilimpa nishani 1946, na jina lake likapewa madini ya kijani, sengierite, yaliyopatikana Luiswishi, jirani kabisa na mji wetu. Wakongo walioyachimba na kuyachambua mawe kwa mikono hawana nishani wala jina kwenye orodha yoyote, na jambo hilo linaniuma.

Kosa hilihili la kumpa mtu mmoja kazi ya wengi limo kwenye nyanja nyingine pia. Fleming aliona kuvu wa penisilini 1928 akashindwa kuisafisha. Waliofanya iwe dawa ni Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley, Oxford: Mei 1940 waliambukiza panya wanane, wakawatibu wanne, na hao wanne ndio waliopona. Upande wa chakula, watu hawamtaji Fritz Haber, aliyeunganisha naitrojeni ya hewa na hidrojeni 1909, wala Carl Bosch aliyeifanya njia hiyo iwe ya kiwandani 1913. Kila mfuko wa urea unaomwagwa kwenye mahindi ya Katanga unatokana nao. Huyohuyo Haber alisimamia gesi ya klorini iliyorushwa Ypres Aprili 1915, na sijui namna ya haki ya kumpanga. Malcom McLean je? Mwaka 1956 alipakia makontena 58 kwenye meli kutoka Newark hadi Houston, na leo foleni ya malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, imebeba wazo lake.

Anayetaka kumweka Einstein juu ana sababu tele. 1905 alieleza jinsi mwanga unavyong'oa elektroni kwenye metali, kazi iliyompa Nobel. 1917 aliweka msingi wa leza. Na nadharia zake mbili za uhusianifu zimo kwenye simu yako: saa za satelaiti za GPS zinakimbia mbele ya saa za ardhini kwa mikrosekunde 38 kila siku, na bila kuzirekebisha, ramani ingekosea kwa takriban kilomita 10 ndani ya siku moja, yaani ukiwa Kamalondo ingekuonyesha nje ya mji.