Samaki wa Baharini, Chumvi na Asidi: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Mwili wa samaki wa baharini una chumvi sawa na maji anamoishi.

Ukweli: Mpishi yeyote wa Pwani aliyewahi kuchemsha changu anajua kwamba mchuzi bado hudai chumvi. Kila kilo ya maji ya bahari hubeba karibu gramu 35 za chumvi, lakini ukolevu wa damu ya samaki wengi wenye mifupa ni takriban theluthi moja tu ya ule wa maji hayo. Kwa sababu hiyo maji humtoka bila kukoma kwa osmosisi, yaani kuhama kwa maji kuelekea upande wenye ukolevu mkubwa zaidi, hasa kupitia utando mwembamba wa matamvua, huku chumvi ikipenya kuingia.

Dhana: Samaki hanywi maji.

Ukweli: Wa baharini hunywa, kama alivyoonyesha mtafiti Homer Smith wa Marekani mwaka 1930. Utumbo hufyonza chumvi na maji huifuata, kwa hiyo kila anachokunywa humwongezea mzigo wa chumvi.

Dhana: Figo ndizo huutua mzigo huo.

Ukweli: Figo za samaki haziwezi kutengeneza mkojo mkolevu kuliko damu, zingeachiwa kazi hiyo, zingempotezea maji yaleyale aliyoyanywa. Zenyewe huondoa hasa magnesiamu na salfeti. Sodiamu na kloraidi, zinazounda chumvi ya kawaida, hutolewa na seli maalumu za matamvua, ambazo watafiti Ancel Keys na Edward Willmer walizieleza mwaka 1932 baada ya kuchunguza mikunga.

Hata wanaolijua hilo aghalabu hudhani kwamba pampu ya seli hizo huisukuma chumvi moja kwa moja baharini. Sivyo. Pampu hiyo, inayotumia nishati nyingi, iko upande wa damu, na huitoa sodiamu ndani ya seli na kuirudisha kwenye damu, jambo linaloonekana kama kazi ya bure mpaka utazame kinachofuata. Seli iliyopungukiwa sodiamu huivuta tena kutoka kwenye damu, nayo huingia pamoja na kloraidi. Kloraidi ikishalundikana hutokea baharini kupitia mlango wa protini ulio upande wa nje. Kwa kuwa kloraidi ina chaji hasi, kutoka kwake huiacha damu na chaji chanya kuliko maji ya nje, na tofauti hiyo huisukuma sodiamu ipenye kwenye nafasi zilizo baina ya seli hadi baharini.

Dhana: Samaki husawazisha asidi ya damu kwa kubadili kasi ya kupumua, kama binadamu.

Ukweli: Maji yana oksijeni kidogo, kwa hiyo samaki hulazimika kupitisha maji mengi sana kwenye matamvua, na kabonidayoksaidi, inayoyeyuka kwa urahisi majini, huondoka karibu yote. Inayobaki katika damu ni kidogo mno kiasi kwamba kupumua kwa kasi zaidi hakusaidii sana. Asidi ikizidi, matamvua hutoa ayoni za haidrojeni, yaani chembe zenye chaji ziletazo asidi, kwa kubadilishana na sodiamu ya bahari, na damu hulimbikiza bikabonati, kemikali inayopunguza asidi, huku kloraidi ikipungua. Samaki anayejitahidi kuondoa chumvi hukubali, basi, kuingiza sodiamu kidogo ili aondokane na asidi.

Dhana: Papa naye hufanya hivyohivyo.

Ukweli: Kwa asidi, ndiyo, matamvua yake hufanya kazi hiyo. Kwa chumvi, papa huhifadhi katika damu urea nyingi, taka ya mwili ambayo kwa binadamu hutoka na mkojo, hadi ukolevu wake uzidi kidogo ule wa bahari, kwa hiyo maji humwingia yenyewe bila kuhitaji kunywa sana, na chumvi ya ziada hutolewa hasa na tezi iliyo karibu na mwisho wa utumbo.