Jua Tunalo, Lakini Je, Linafika Kwenye Ngozi?

"Nchi yenye jua mwaka mzima haiwezi kuwa na watu wenye upungufu wa vitamini D." Kauli hii huaminika kwa sababu nusu yake ni kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania, ambao hushinda nje, na kukuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini hii katika kila lita ya majimaji ya damu, ilhali wataalamu wengi huona 50 zinatosha. Hata hivyo, mwili haupati vitamini D kwa kuishi tu katika nchi ya jua. Ni lazima mionzi ya urujuanimno aina ya B iiguse ngozi yenyewe, igeuze kemikali iliyomo humo kuwa vitamini, kisha ini na figo ziikamilishe. Karani anayeingia ofisini alfajiri na kutoka magharibi, au mgonjwa asiyetoka chumbani, anaweza kupungukiwa hata akiwa Dar es Salaam. Kuketi dirishani hakusaidii, kwa kuwa kioo huzuia karibu mionzi yote ya aina hiyo. Katika nchi za Ghuba, ambako jua ni kali mno kiasi kwamba watu hulikimbia na wengi huvaa nguo za kufunika mwili, upungufu ni jambo la kawaida.

Dhana iliyozoeleka zaidi majumbani ni ya jua la asubuhi. Mama humaliza kumwogesha mtoto saa moja, humviringisha khanga hadi shingoni, akaketi naye barazani ili "mifupa ipate nguvu". Desturi hiyo ina upendo mwingi, ila vitamini inayopatikana hapo ni kidogo sana, kwani jua likiwa chini mionzi hupita njia ndefu angani na ile ya aina B huchujwa. Kivuli ni kipimo kizuri: kikiwa kirefu kuliko mwenye nacho, ngozi haitengenezi vitamini D ya maana. Hiyo si ruhusa ya kumwanika mtoto mchanga saa sita mchana, maana ngozi yake huungua upesi. Maziwa ya mama, ambayo kwa mengine hayana mfano, yana vitamini D kidogo, na ndiyo sababu madaktari wa watoto katika nchi nyingi hushauri matone ya mikrogramu 10 kila siku katika mwaka wa kwanza.

Wapo pia wanaodhani kwamba ngozi nyeusi haihitaji jua zaidi. Rangi yake huikinga dhidi ya kuungua, lakini hupunguza pia kasi ya kutengeneza vitamini. Karibu na ikweta tofauti hiyo haisumbui sana. Kwa ndugu zetu walioko Uingereza, ambako kuanzia Oktoba hadi Machi jua halitoshi, ni jambo zito, na serikali ya huko huwashauri wenye asili ya Afrika wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima.

Kwa upande wa chakula, mchicha na matunda, pamoja na faida zake zote, havina vitamini hii, na maziwa ya ng'ombe yasiyoongezwa virutubisho yana kidogo mno. Ipo katika samaki wenye mafuta kama vibua, katika maini na katika kiini cha yai.

Vidonge navyo si vya kumeza ovyo. Vitamini D huhifadhiwa katika mafuta ya mwili, na ikizidi hupandisha kalsiamu katika damu, ikaleta kutapika na kuharibu figo. Mtu mzima asizidishe mikrogramu 100 kwa siku bila daktari.

La mwisho ndilo linaloumiza watoto: kwamba kila matege ni ukosefu wa vitamini D. Kazi kubwa ya vitamini hii ni kuyawezesha matumbo kufyonza kalsiamu na fosfati, kwa hiyo pasipo kalsiamu kwenye chakula haina cha kufyonza. Nchini Nigeria watafiti walikuta watoto wenye matege ambao tatizo lao kuu lilikuwa kalsiamu haba, nao walipona kwa kupewa kalsiamu. Kandokando ya Mlima Meru, floridi nyingi katika maji hutia meno madoa ya kahawia na huweza kupinda mifupa ya wanaoyanywa tangu utotoni. Mtoto wa huko akinunuliwa chupa ya vitamini na kuachwa aendelee kunywa maji yaleyale, miguu yake haitanyooka. Apimwe damu, apigwe eksirei, na maji ya nyumbani kwao yachunguzwe.