Umebadilisha mafuta, chumvi umeiacha palepale

Juzi tena kliniki, mgonjwa wa figo mwenye miguu iliyovimba ananiambia kwa uhakika kabisa: "Daktari, chipsi nakula, ila siku hizi nakula za mafuta ya alizeti." Nimechoka kulijibu hili kwa mmoja mmoja.

Mafuta yana kesi yake upande wa moyo, na siyapuuzi, maana wagonjwa wengi wa figo huondolewa na moyo. Lakini kinachoivimbisha miguu ni chumvi. Kwa siku usizidishe gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ya mchuzi na ya mkate. Simama kwenye kabati la chipsi pale Ngamiani uangalie. Kuku ameshakolezwa chumvi kabla hajafika jikoni, chipsi zinanyunyiziwa zikitoka kwenye karai, inakuja tomato ya chupa yenye chumvi yake, kisha kachumbari nayo ina chumvi. Alizeti haijapunguza hata punje.

Kinachoniudhi zaidi ni potasiamu, madini yaliyojaa kwenye viazi ambayo figo iliyochoka hushindwa kuyatoa mwilini. Huyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta. Kiazi ukikimenya, ukakikatakata, ukakichemsha kwa maji mengi na kuyamwaga, sehemu kubwa inatoka. Kuloweka tu kikiwa kibichi husaidia kidogo. Ukikitumbukiza kwenye karai, maji yanakauka na potasiamu inabaki humo humo, ndiyo maana gramu kwa gramu chipsi huzidi kiazi cha kuchemsha. Halafu mtu anashushia na dafu, eti lisafishe figo. Jamani! Dafu nalo limejaa potasiamu. Anayemeza dawa za presha kama losartan au enalapril ndiye wa kuogopa zaidi, kwa kuwa dawa hizo nazo huipandisha, na ikipanda sana moyo unaweza kusimama bila dalili ya kukushtua mapema.

Hata hivyo, viazi si vya kukatazwa kila mwenye figo. Ushahidi kwamba chakula peke yake ndicho kinachopandisha potasiamu ya damu si mzito kama tunavyouhubiri. Wengi walio hatua za mwanzo kipimo chao kiko sawa, na tukiwanyima matunda na mboga tunawaumiza bure. Mimi sikatazi kabla ya kuona majibu ya damu. Wenzangu wengine hukataza siku ile ile ya kwanza, na hofu yao naielewa.

Soseji na soda nyeusi ziache. Zina fosfeti ya kiwandani, madini mengine yanayolundikana figo ikichoka, nayo hufyonzwa mwilini kuliko ile ya maharage.

Ukizitamani sana chipsi, na majibu yako yanaruhusu, chemsha viazi kwanza, mwaga maji, kausha, kisha kaanga mwenyewe nyumbani. Ladha itoke kwenye limau na pilipili manga. Kwa muuzaji, sema mapema kabla hajanyunyiza. Na ile chumvi ya dukani inayouzwa kwa wenye presha, soma kopo: ikiandikwa kloridi ya potasiamu, irudishe kwenye rafu.