Tovuti ya Parokia Si Albamu ya Jubilei: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Alhamisi Kuu moja nilikuwa ugenini. Nilifungua tovuti ya parokia iliyokuwa karibu na nilipofikia, nikapita picha za jubilei moja baada ya nyingine, nikapita salamu ndefu za paroko, hatimaye nikaikuta ratiba ya Juma Kuu: Misa ya Karamu ya Bwana, saa 11:00 jioni. Nilifika saa kumi na nusu. Geti limefungwa. Mlinzi akaniambia kwa upole kwamba Misa ni saa moja na nusu usiku. Ratiba niliyoisoma ilikuwa ya miaka miwili nyuma.

Mimi nilikaa nikasubiri, kwa sababu nimelelewa ndani ya Kanisa. Lakini nimemfikiria mara nyingi mtu mwingine ambaye angefika pale jioni ile baada ya miaka kumi bila kukanyaga kanisani, akakuta kufuli. Yeye asingesubiri.

Tangu hapo nimesaidia parokia kadhaa kutengeneza au kurekebisha tovuti zao, na karibu kila mahali nakutana na mawazo yale yale. Mengi yana nia njema. Tatizo ni kwamba yanamsahau huyo mtu wa getini, yule anayerudi baada ya miaka kumi na kukuta kufuli.

“Tovuti ni ya kuitangaza parokia”

Hili ndilo shina la mengine yote. Kamati ikikaa mara ya kwanza, orodha hujaa haraka: picha ya kanisa, historia ya parokia, majina ya maparoko wote waliopita, salamu, viongozi wa kila chama cha kitume. Hakuna kibaya hapo. Ila jiulize nani atayasoma. Muumini anayekuja kila Dominika anayajua tayari. Mgeni hayahitaji bado.

Sheria za Kanisa, kanuni ya 528, inamtaka paroko ajitahidi, akisaidiwa na waamini, ili Injili iwafikie hata wale walioacha kuishi imani yao na wale wasioikiri. Mimi nasema hiyo ndiyo hadhira ya ukurasa wa kwanza. Mtu wa namna hiyo hafungui tovuti ili avutiwe nasi. Anafungua akiwa na swali moja: Misa ya Jumapili ni saa ngapi? Naweza kuungama lini? Mtoto wangu anabatizwaje? Baba yangu yuko hoi, nimpigie nani?

Kwa hiyo vitu vinavyostahili kuonekana kabla mtu hajagusa chochote ni vichache: jina kamili la parokia pamoja na mji na jimbo lake, saa za Misa za Dominika hii, saa za maungamo, mahali kanisa lilipo pamoja na kiungo cha ramani, na namba ya simu inayopokelewa. Mji na jimbo nimeutaja kwa makusudi. Parokia za Mtakatifu Yosefu duniani hazihesabiki, na anayetafuta kwenye Google atapelekwa kokote kama ukurasa umeandikwa “Parokia ya Mt. Yosefu” basi. Namba ya simu nayo iwekwe kwa namna ambayo ukiigusa inapiga, si kwa kuichora ndani ya picha.

Jambo dogo linalowaponza wengi wanaoandika kwa Kiswahili: saa. Ukiandika “Misa 7:00”, msomaji mmoja atafika asubuhi kunapokucha na mwingine mchana jua likiwa kali. Andika “saa 1:00 asubuhi” kila mahali, bila kuchanganya.

“Watu watauliza ofisini, tovuti iwape tu masharti”

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo tovuti nyingi zinapowafukuza watu bila kujua. Hebu soma maneno haya, ya aina ambayo nimeyakuta mara nyingi kwenye ukurasa wa ubatizo:

“Wazazi wanaotaka kubatiza watoto wanatakiwa kufika ofisini na cheti cha ndoa, kadi ya zaka na barua. Wasiotimiza masharti hawatahudumiwa.”

Sasa mwone anayeyasoma. Ni mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita, saa nane usiku, mtoto amelala begani, simu mkono mmoja. Hajafunga ndoa kanisani. Amesoma mistari miwili na amekwisha kuelewa kwamba yeye si mtu wa mahali hapa. Hatapiga simu.

Ukurasa ule ule unaweza kuandikwa hivi:

“Hongereni kwa kumpata mtoto. Tungependa kuwafahamu. Tupigieni au njooni ofisini, tutazungumza kuhusu maandalizi na kuchagua msimamizi wa ubatizo. Kama hamjafunga ndoa kanisani, au mna muda mrefu hamjafika, njooni vilevile.”

Utaratibu haujabadilika hata nukta. Maandalizi yapo, msimamizi yupo, nyaraka zitaombwa wakati wake. Kilichobadilika ni mlango. Na Kanisa lenyewe, katika kanuni ya 867, linawahimiza wazazi kushughulikia ubatizo katika majuma ya mwanzo na kumwendea paroko mapema iwezekanavyo, hata kabla mtoto hajazaliwa. Haiwezekani sheria ikasema “nendeni mapema” halafu tovuti ikasema “msije mpaka mkamilike”. Vivyo hivyo kuhusu sadaka: kanuni ya 848 inaagiza wahitaji wasikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kama kuna kiasi cha sadaka kilichopangwa, kitajwe kwa namna ambayo asiye nacho hatajiona amefungiwa nje.

Fanya hivyo hivyo kwenye kurasa za ndoa, za wanaotaka kuwa Wakatoliki na za mazishi. Ukurasa wa mazishi hasa uwe mfupi mno. Anayeufungua analia.

“Lugha ya Kanisa inajitosheleza”

Sisi tumezoea kusema katekumeni, kipaimara, novena, kuabudu. Mgeni hajui, na anaona haya kuuliza. Si lazima kuyaacha maneno hayo, ni yetu na ni mazuri. Yape tu sentensi moja ya maelezo mara ya kwanza yanapotokea.

Nashauri pia ukurasa mmoja wa “Mara yako ya kwanza?”. Mwambie Misa huchukua takribani muda gani, mlango gani utumike na mwenye kiti cha magurudumu, kwamba hakuna atakayemsimamisha ajitambulishe kama hataki. Mwambie ukweli kuhusu Komunyo pia: kwa kawaida hupokelewa na Wakatoliki waliojiandaa, na anayebaki kitini wala hashangazi mtu. Watu huogopa aibu kuliko wanavyoogopa mahubiri marefu.

“Tuna Facebook na kundi la WhatsApp, tovuti ya nini?”

Kundi la WhatsApp linawafikia waliomo ndani ya kundi. Huyo mtu wa getini hayumo. Ukurasa wa Facebook ni mzuri kwa habari za leo, ila tangazo la leo kesho limezikwa chini ya mengine, na asiye na akaunti mara nyingi hukutana na ombi la kujisajili kabla hajaona chochote. Zaidi ya hayo, parokia haimiliki ukurasa huo. Kampuni ikibadili taratibu zake, mnabaki mmeduwaa. Tumieni vyote, lakini kila tangazo huko liwe na kiungo kinachorudi kwenye tovuti, ambako ratiba inakaa mahali pamoja siku zote.

“Mtandao utawafanya watu wasije Misa”

Hofu hii inatoka kwa watu wanaolipenda Kanisa, kwa hiyo naiheshimu. Lakini Kanisa limeshaisemea. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati kuhusu vyombo vya mawasiliano, Inter Mirifica, tarehe 4 Desemba 1963. Tovuti ya Vatikano ilianza mwaka 1995, wakati mashirika mengi makubwa yalikuwa bado yanajiuliza intaneti ni kitu gani. Kisha mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii likaandika wazi kwamba hakuna sakramenti kwenye intaneti, na kwamba uhalisia wa mtandaoni hauwezi kuchukua nafasi ya uwepo halisi wa Kristo katika Ekaristi.

Basi hilo linatupa kipimo kizuri cha kila ukurasa: je, unamsogeza mtu kuelekea altareni, au unamwacha alipo? Misa inayorushwa mubashara ni neema kwa mgonjwa kitandani. Chini ya video hiyo iandikwe namna ya kuomba kuletewa Komunyo nyumbani.

Na kama kuna anayedhani kazi hii ni ya kidunia, amkumbuke Carlo Acutis. Alizaliwa London mwaka 1991, akafariki kwa saratani ya damu mwaka 2006 akiwa na miaka 15. Alitengeneza tovuti ya parokia yake kule Milano, na nyingine kuhusu miujiza ya Ekaristi. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu. Kijana yule alienda Misa kila siku. Kompyuta haikumtoa kanisani.

“Picha nyingi, ndivyo inavyovutia”

Picha moja kutoka simu ya kisasa inaweza kuwa na megabaiti nne au tano. Weka kumi kwenye ukurasa wa kwanza na umemtaka mgeni alipie megabaiti arobaini kabla hajajua Misa ni saa ngapi. Picha hiyo hiyo ikipunguzwa hadi kilobaiti mia mbili hivi, kwenye skrini ya simu macho hayaoni tofauti. Chagua chache, zenye watu wanaosali na kusalimiana, kuliko jengo tupu lililopigwa kwa mbali.

Maandishi ya dhahabu juu ya picha ya madhabahu yanapendeza kwenye kadi ya upadirisho. Kwenye simu juani hayasomeki. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, ya kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake iwe walau 4.5 kwa 1, na kwa parokia yenye wazee wengi hilo ni suala la upendo wa jirani. Kila picha ipewe maelezo mafupi ya maandishi ili asiyeona, anayesomewa na simu, ajue kilichopo. Kwa sababu hiyo hiyo, acheni kupakia karatasi ya matangazo iliyopigwa picha. Haisomeki kwa msaada huo, Google haiioni vizuri, na mwenye simu ndogo anabaki kuivuta kushoto na kulia. Yaandikeni matangazo moja kwa moja kwenye ukurasa.

Kuna picha ambazo sipatani nazo kabisa: watoto wa Komunyo ya Kwanza, nyuso wazi, majina kamili chini. Ombeni ridhaa ya wazazi kwa maandishi, na hata mkiipata msiweke majina. Kanuni ya 220 inalinda heshima na faragha ya kila mtu. Inawalinda pia wagonjwa ambao majina yao, pamoja na maradhi yao, hubandikwa mtandaoni kwa nia njema ya kuwaombea. Inawalinda walioorodheshwa pamoja na kiasi walichochangia, na zaidi wale ambao hawakuchangia. Karatasi kwenye ubao wa kanisa hung'olewa. Ya mtandaoni hubaki.

“Kijana wetu mmoja anajua kompyuta, mwachieni”

Mshukuruni, lakini msimwachie peke yake. Parokia moja niliyoisaidia ilipoteza jina lake la mtandaoni, yaani anwani ya tovuti yake, kwa sababu lilisajiliwa kwa barua pepe ya kijana aliyehamia mbali. Ukumbusho wa kulipia kila mwaka ulienda kwenye barua pepe asiyoifungua tena. Jina likaisha muda, mtu mwingine akalichukua, na kwa miezi kadhaa waliotafuta saa za Misa walikutana na matangazo ya bahati nasibu. Usajili uwe wa jina la parokia, barua pepe iwe ya ofisi, na manenosiri yatunzwe salama na watu wasiopungua wawili.

“Tovuti ikishazinduliwa, kazi imekwisha”

Siku ya uzinduzi kuna shangwe na makofi. Ninachouliza mimi ni nani atabadilisha ratiba kabla ya Jumatano ya Majivu, kabla ya Juma Kuu, kabla ya Noeli, na siku paroko anapohamishwa. Jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu za halmashauri ya parokia. Ukurasa usio na mtu wa kuutunza ufutwe. Kurasa tano zilizo sahihi zinamtosha mgeni.

Kisha fanyeni jaribio hili. Mtafuteni mtu asiye wa parokia yenu, mpeni simu, mwombeni atafute vitu vitatu: Misa ya Dominika ijayo, hatua ya kwanza ya ubatizo, na namba ya kumwita padre kwa mgonjwa mahututi usiku. Msimsaidie. Kaeni kimya mwangalie kidole chake kinakwenda wapi. La kwanza wengi hulipata. La pili huwachelewesha. La tatu, katika parokia zote nilizojaribu nazo, tulikuta namba ya ofisi inayofungwa saa kumi jioni.