Kompyuta ya injini ya kujitegemea: ni kitu gani, na hupimwaje kwenye gari la tabo

Gari linapotoka kiwandani huwa na kompyuta ya injini, lile boksi linaloamua kila nozeli ya kumwaga mafuta ifunguke kwa muda gani na kila plagi ipige cheche wakati gani. Kompyuta ya kujitegemea, au stendaloni kama wanavyoiita mafundi wa magari ya mashindano, ni ile inayochukua kazi hiyo yote. Iko aina nyingine inayokaa kando ya kompyuta ya kiwandani na kuibadilishia ishara za sensa ili ifanye tofauti kidogo, na wako wanaofungua boksi lilelile la zamani na kuliandikia takwimu mpya. Stendaloni haiegemei hayo. Inasoma sensa yenyewe, inapiga hesabu yenyewe, na inaamuru nozeli na koili zinazotengeneza umeme wa cheche yenyewe.

Nayo hufika tupu. Haijui injini ina silinda ngapi, nozeli zinamwaga kiasi gani, wala gurudumu la meno kwenye krankishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, lina meno mangapi. Yote hayo inaambiwa na anayeifunga, na itaamini chochote itakachoambiwa. Watu wengi hudhani kufunga stendaloni ni kazi ya kutafuta nguvu. Mimi naiona kwanza kuwa kazi ya kuhakikisha kwamba kila kitu inachoamini kuhusu injini ni kweli. Nguvu hupatikana kwa alasiri moja kwenye mashine ya kupimia nguvu. Kuhakikisha huko huchukua wiki.

Wazo lenyewe lina umri. Bosch walianza kuuza D-Jetronic mwaka 1967 kwenye Volkswagen 1600. D hiyo inatokana na neno la Kijerumani linalomaanisha shinikizo, kwa sababu mtambo ule ulikadiria hewa kwa kupima shinikizo ndani ya menifodi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Mwaka 1979 Motronic ikaunganisha mafuta na cheche katika boksi moja. Stendaloni nyingi za leo, hasa kwenye magari ya tabo, ile pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi, bado zinapima shinikizo la menifodi vilevile.

Tufuate hesabu yake, maana bila hesabu hii mengine hayashikiki. Chukua injini ya lita 2 yenye silinda 4, kila silinda sentimita za ujazo 500. Ikijaa hewa ya kawaida, yaani kilopaskali 100 na joto la nyuzi 20, silinda moja inabeba takriban gramu 0.6 za hewa. Petroli huungua kikamilifu kwa uwiano wa 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta kwa uzito, na uwiano huo ndio unaoitwa lamda 1.00. Kwa hiyo silinda ile inataka kama miligramu 41 za petroli. Sasa tabo ishindilie hewa hadi kilopaskali 200. Hewa imekuwa maradufu, lakini mafuta hayawi maradufu tu, kwa kuwa chini ya msukumo mkubwa tunataka mchanganyiko mzito zaidi, yaani wenye mafuta mengi, lamda 0.80 hivi, ili kupoza chumba cha mwako. Tunafika kama miligramu 102, mara mbili na nusu ya mwanzo.

Nozeli ya sentimita za ujazo 550 kwa dakika inahitaji milisekunde 15 hivi kumwaga kiasi hicho, na nyingine 1 hivi ya kufunguka kabla mafuta hayajaanza kutoka vizuri. Jumla 16. Injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, mzunguko mzima wa kazi wa silinda, yaani raundi mbili za krankishafti, unakwisha kwa milisekunde 20. Nozeli iko wazi asilimia 80 ya muda wake wote. Wengi huweka mwisho wao kwenye 85, na mimi nakubaliana nao. Ukitaka msukumo zaidi ya huo, nunua nozeli kubwa kwanza.

Kinachoitwa ramani ya mafuta ni jedwali. Upande mmoja mizunguko ya injini, upande mwingine shinikizo la menifodi, na kila kijisanduku kina tarakimu inayosema silinda inajaa kwa kiasi gani katika hali hiyo. Jedwali la pili linasema cheche ipigwe digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu. Mwendo wa taratibu barabarani unaweza kubeba digrii 30 na zaidi. Kwenye msukumo mzima wa tabo tarakimu hiyo hushuka hadi kumi na kitu, kwa kuwa hewa iliyobanwa huungua haraka na huwa tayari kulipuka yenyewe.

Kabla ya kupiga stata, washa swichi tu, injini ikiwa imezima, na soma kila sensa kwenye laptopu. Kipimo cha kwanza hakikugharimu kitu: shinikizo la menifodi lazima lilingane na shinikizo la hewa ya pale ulipo. Karibu na usawa wa bahari ni kilopaskali 101 hivi. Kwenye mwinuko wa mita 1500 ni kama 84. Ukifunga sensa ya kipimo cha kilopaskali 300 halafu ukaiambia kompyuta ni ya 250, kila usomaji utapungua kwa sehemu moja ya sita, nayo itahesabu mafuta pungufu kwa kiasi hichohicho. Hapo pia ndipo watu huchanganya shinikizo kamili, linalohesabu na hewa ya kawaida, na msukumo, ambao ni ile ziada ya tabo tu. Ramani huandikwa kwa shinikizo kamili. Saa ya dashibodi ikisema baa 1 ya msukumo, ramani inasoma karibu 200, si 100.

Injini ikiwa imelala usiku kucha, joto la maji na joto la hewa inayoingia yanapaswa kukaribiana sana. Yakitofautiana kwa nyuzi 10, sensa mojawapo imepewa jedwali lisilo lake.

Waya za ethi, zile za kurudisha umeme, nazitaja peke yake kwa kuwa zimenila muda mwingi kuliko kitu kingine chochote. Ethi ya sensa inapaswa kurudi kwenye kompyuta kwa waya wake wenyewe, isishikishwe kwenye bodi ya gari popote palipo karibu. Nilikuwa na gari ambalo usomaji wa lamda ulikaa vizuri kwenye 0.80, halafu ghafla ukapanda hadi 0.84, ukarudi. Nikaongeza mafuta kwenye ramani, nikapunguza, nikaongeza tena, siku mbili. Siku ya tatu niliposikiliza badala ya kutazama kioo cha laptopu, nikagundua kwamba unapanda kila feni ya rediata inapoanza kuzunguka. Feni ilikuwa inavuta umeme kupitia nati ileile ya ethi niliyotumia kwa kipimo cha oksijeni kinachosoma lamda, na kompyuta ikasoma mabadiliko madogo ya volti kama mabadiliko ya moshi. Mafuta hayakuwa na kosa hata tone. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa ramani, nawasha feni, taa kubwa na pampu ya mafuta kimoja baada ya kingine huku nikitazama kama kuna usomaji wowote unaotikisika.

Koili nazo zipimwe kwa uangalifu. Kompyuta ikiambiwa kinyume kuhusu namna ya kuziamuru, zitabaki zinachajiwa muda wote hadi ziungue, na cheche itatoka wakati usio wake. Ukijaribu cheche moja moja kwa programu, chomoa nozeli kwanza, pasiwe na mvuke wa petroli karibu.

Halafu inakuja kazi ninayoiheshimu kuliko zote, ya taa ya taimingi. Kompyuta inajua mahali pistoni ilipo kwa kuhesabu meno ya gurudumu lililofungwa kwenye krankishafti, kwa mfano nafasi 60 ambazo meno 2 yameondolewa makusudi ili pengo lile liwe alama. Lakini haijui pengo hilo liko digrii ngapi kutoka pistoni kuwa juu. Wewe ndiye unayeiambia. Basi unaifunga cheche kwenye digrii 10 bila kubadilika, unamulika puli ya krankishafti, na unaangalia alama. Kama laptopu inasema 10 na alama inaonyesha 18, kila tarakimu ya jedwali lako la cheche ni uongo wa digrii 8, na kwenye msukumo wa tabo digrii 8 za ziada zinatosha kuvunja pistoni.

Wengi huishia hapo, alama ikishalingana injini ikiwa imetulia. Usiishie hapo. Pandisha mizunguko taratibu hadi 4000 huku taa ikimulika. Alama isitembee. Sababu ni hii: kwenye mizunguko 1000, krankishafti hugeuka digrii 6 kwa kila milisekunde. Kwenye 6000 hugeuka 36. Ishara ikichelewa sehemu moja tu ya kumi ya milisekunde, kosa la digrii 0.6 usiloweza kuliona kwa macho injini ikitulia linakuwa digrii 3.6 kule juu. Alama ikitembea, mara nyingi ni programu haijaelezwa ucheleweshaji huo, au waya mbili za sensa ya sumaku zimebadilishana nafasi, kompyuta ikawa inasoma ukingo mbovu wa ishara. Nimeona alama ikiteleza polepole kwenye puli kama mkono wa saa, na mwenye gari akasisitiza kwamba injini inaunguruma vizuri tu. Ilikuwa inaunguruma vizuri kweli. Haikuwa imebebeshwa mzigo bado.

Injini ikishawaka, mafuta hurekebishwa kwa kutumia sensa ya oksijeni ya masafa mapana iliyofungwa kwenye bomba la ekzosi. Sensa nyembamba ya magari mengi ya zamani haifai, kwa kuwa inajua tu kama mchanganyiko uko juu au chini ya lamda 1.00. Unakwenda kijisanduku kwa kijisanduku, mzigo mdogo kwanza, gari likiwa kwenye mashine ya kupimia nguvu, inayoweza kushikilia mizunguko mahali pamoja. Asiye na mashine hiyo atafute eneo lililofungwa, na mwingine ashike laptopu. Dereva macho yake yawe mbele.

Tabo iachwe mwisho, na ianze kwa msukumo wa springi ya wesigeti peke yake, ule mlango mdogo unaochepusha moshi usipite kwenye tabo. Solenoidi ya kuongeza msukumo, yaani vali yake ya umeme, isiunganishwe kwanza. Kila unapopanda hatua, mchanganyiko utangulie kuwekwa mzito na cheche icheleweshwe, kisha ndipo usogeze kidogo kidogo. Wakati huo sikiliza injini kugonga, yaani mafuta yaliyosalia kulipuka kwa kishindo kabla ya moto wa plagi kuyafikia. Kwenye silinda yenye kipenyo cha milimita 86, mlio wake huwa kati ya kilohezi 6 na 7. Mimi hufunga maikrofoni kwenye bloku na kuvaa vipokea sauti, kwa kuwa grafu inaweza kuchanganya mlio huo na kelele za vali, lakini sikio lililozoea haliuchanganyi.

Kinga za injini nazo zipimwe. Ukiweka kwamba mafuta yakatwe shinikizo la menifodi likizidi kilopaskali 220, hujui kama yatakatwa mpaka uone. Njia salama ni kushusha kikomo hicho kwa muda hadi 130, kukanyaga mafuta, na kuona kama injini inakatika hapohapo. Fanya vivyo hivyo kwa kikomo cha mizunguko, na kwa shinikizo la oili kwa kuchomoa sensa yake injini ikiwa imetulia, baada ya kuweka kinga hiyo ifanye kazi hata hapo. Ikikatika, rudisha tarakimu yako na uhifadhi faili kwa jina jipya lenye tarehe.

Kinachobaki ni kuwaka kwa baridi, na hapa hakuna mashine inayoweza kukuharakishia. Injini ya baridi inataka mafuta ya ziada kwa kila kiwango cha joto, na jedwali lake hurekebishwa gari likiwa limelala usiku mzima. Unapiga stata alfajiri, unatazama sekunde 30 za mwanzo, unabadilisha tarakimu mbili tatu. Kufikia hapo maji yameshaanza kupata joto na nafasi ya leo imekwisha. Unafunga boneti, unangoja alfajiri nyingine.